Kamera ya Sista

Bramwel alimwona mwanamke akisimama mbele ya dirisha la tatu la kamera, akiinama kusoma bei na kuinuka akisonya, akajua moja kwa moja kwamba Mungu bado anawakumbuka waja wake. Mtu anayesoma bei kwenye madirisha matatu ana pesa, ila hazitoshi, na watu wa namna hiyo ndio waliomlisha Bramwel kwa miaka kumi na mmoja pale Luthuli Avenue. Alikuwa dalali. Hakuwa na duka wala kiti. Alikuwa na koti safi, mkoba wa mgongoni, na ulimi.

Lakini kiti alikitaka mno. Katika jengo lililokuwa nyuma yake, Mama Fatema alikuwa akikodisha kaunta ya kioo yenye taa ndani, na alikuwa amemshikia Bramwel nafasi hiyo mpaka jioni ya leo tu. Sharti la mama huyo lilikuwa moja: mpangaji akimdhulumu mteja, anatoka siku hiyo hiyo. Kwenye malipo ya kuanzia zilibaki elfu arobaini. Bramwel alikuwa amechoka kuwakimbia askari wa kanjo na wateja wa jana. Alitaka jina lake liandikwe mahali.

"Sasa madam. Unatafuta kamera ya kwanza," alisema kwa sauti ya daktari.

"Umejuaje?"

"Kamera ya pili mtu hasomi bei hivyo."

Mwanamke akacheka. Aliitwa Kavata, wa Kabiria, na alitaka kuanza kupiga picha za harusi na ruracio, sherehe za mahari. "Niko na forty tu," alisema. "Hapo ndani forty inanunua bodi tupu, bila lenzi. Sasa nitapiga picha na nini, macho?"

Bramwel akamvuta kando na kufungua mkoba. Ilitoka kamera kubwa, nyeusi, nzito, na lenzi yake ya kawaida. Aliinunua juzi ndani ya boksi la takataka za studio iliyofungwa Parklands. Kwa macho ilipendeza, ila shata yake ilikuwa imechoka: ilipiga picha ishirini, kisha ikagoma nusu saa nzima.

"Hii ilikuwa ya sista mmoja wa Katoliki," alisema, akiinamisha kichwa kwa heshima. "Alikuwa anapiga Pasaka pekee. Pasaka, na ubatizo mmoja mmoja."

"Haki?"

"Hata kuibonyeza alikuwa anaogopa."

Kavata akaomba kuijaribu. Akapiga mlango, akapiga muuza njugu, akapiga viatu vya Bramwel. Bramwel alitabasamu huku akihesabu moyoni. Kumi na nne. Kumi na saba. Jasho likaanza kumteremka mgongoni. Ilipofika kumi na tisa, Kavata akaishusha na kusema imemtosha.

"Na ikigoma?"

Swali hilo Bramwel alilipenda kuliko yote. Alitoa karatasi, akaandika kwa mwandiko wa mwalimu kwamba kamera ikigoma ndani ya siku saba, mteja atarudishiwa pesa au atapewa nyingine nzima. Akatia sahihi na jina lake lote. Waranti haimgharimu kitu mtu asiye na duka, kwa kuwa mteja akirudi atabishana na ukuta.

"Sasa nyongeza yangu," Kavata akasema, akichungulia mkobani. "Hata mama mboga huniongezea. Nipe hako kalenzi kazee, nitakaweka kando ya TV."

Ilikuwa lenzi fupi kutoka boksi lile lile, yenye vumbi, isiyovuta kitu karibu. Kwa Bramwel, lenzi isiyovuta ilikuwa kifuniko tu. "Chukua. Lakini nyongeza hairudishwi, hiyo ni sheria ya biashara."

"Andika hiyo pia," Kavata alisema kwa upole, naye Bramwel akaandika.

Jioni ile, kwa pesa za Kavata, kaunta ikawa yake. Siku ya nne fundi akamaliza kuchora jina kwenye kioo kwa rangi ya manjano, na Bramwel akalisoma mpaka machozi yakamlenga. Siku ya tano, mbele ya jina hilo, alisimama Kavata, kamera mkono mmoja, karatasi mkono wa pili.

"Imegoma. Nilingoja rangi ikauke, nisikosee duka."

Bramwel alikuwa anatafuta la kusema kuhusu baridi ya Nairobi, lakini Mama Fatema alikuwa ameshaichukua karatasi.

"Huu mwandiko ni wako?"

"Ni wangu, mama."

"Basi mlipe mama wa watu."

Pesa zilikuwa zimegeuka kioo, taa na rangi ya manjano. Kwa mikono mizito Bramwel akatoa kamera nzuri kuliko zote alizokuwa nazo, ya elfu sabini. Kavata akaichomeka ile lenzi fupi, ambayo sasa iling'aa. Rakesh, fundi wa kamera wa kaunta ya pili, akainuka kitini.

"Hiyo ndiyo lenzi ya kupiga sura! Nakupa laki moja sasa hivi."

"Siuzi."

"Hiyo... ni nyongeza," Bramwel alisema.

"Na hairudishwi," Kavata alimkumbusha. "Nimeisafisha miaka minane nikifanyia kazi Mzee Harbans. Alipofunga studio alisema ni yangu, lakini mpwa wake akakuuzia boksi bila kulifungua. Ningekuulizia lenzi, ungenipigia bei gani?"

Bei hiyo Bramwel aliijua.

"Kwa hivyo hata shata ulijua?"

"Picha ishirini. Niliachia kumi na tisa, nisikuaibishe."

"Na sista?" aliuliza kwa unyonge, maana kufikia hapo alikuwa ameanza kumpenda yule sista.

"Sista ni mimi. Na Pasaka hatukuwa tunalala kwa kazi ya picha."

Alipokwisha kwenda, mwanamume mmoja mwenye tai akaelekeza kidole kwenye kamera kubwa nyeusi. "Hii ni ngapi, boss?"

Bramwel akamtazama Mama Fatema, akatazama jina lake kiooni. "Hiyo," alisema kwa uchungu mkubwa, "ni mbovu."

Mwanamume akavuta kiti. "Nimezunguka tangu asubuhi, ni wewe wa kwanza kuniambia ukweli. Basi nichagulie yoyote."

Miaka kumi na mmoja mtaani, na hakuna aliyewahi kumwambia Bramwel kwamba huo nao ni ujanja.