Uzinduzi wa Dawati la Kuwarudisha Waliouzwa Ng'ambo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Makamu wake, wakuu wa idara, manaibu wa wakuu wa idara, wanaokaimu nafasi za manaibu, ndugu wanahabari, na nyinyi wananchi mliosimama juani tangu asubuhi mkinisubiri, itifaki imenielemea, kila mmoja ajihesabu ametajwa! (Makofi.)

Leo tunazindua Dawati la Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu, chombo cha kisasa, cha kidijitali, kilichotokana na makongamano kumi na moja katika nchi tisa, yote nikihudhuria mimi mwenyewe bila kuchoka, ambako nilikaa na wadau wa kimataifa tukakubaliana kimsingi kwamba tuendelee kukubaliana. (Vicheko. Anainama kushukuru.) Sheria ipo, kali kwelikweli, kurasa mia mbili, na mchakato wa kuitungia kanuni umefikia asilimia sabini na nane nukta nne. Wenzetu huko nje walinishika mkono wakasema, "Mzee, wewe ni kichwa!" Sikuwabishia.

Naona mama fundi cherehani ananyoosha mkono. Mpeni kipaza sauti, mimi ni msikivu.

("Mheshimiwa, binti yangu alipelekwa ng'ambo kufanya kazi za ndani. Wamemnyang'anya pasipoti, wanamfungia. Jana kanipigia analia. Niende chumba gani, nimwone nani?")

Mama yangu, swali zuri mno! Hilo tunaliita swali mtambuka. Jaza fomu, nakala tatu, kisha binti mwenyewe aje athibitishe kwa saini yake kwamba hayupo. (Miguno.) Msigune, jamani, huo ndio utaratibu!

Binadamu! ("Si bidhaa!") Sikusikia! Binadamu! ("Si bidhaa!")

Mwisho, namshukuru ndugu yetu wakala wa ajira za ng'ambo, huyu hapa mwenye miwani, aliyetuazima ofisi yake tupate pa kupigia picha. Dawati lenyewe bado halijaombewa hata kibali, kwa hiyo vijana, kibao chetu kibandueni kabla ya saa nane, maana mabinti kumi na wanne wako kwenye foleni pale mlangoni, pasipoti mkononi, wanasubiri usaili wa wakala huyu. Asanteni kwa kunisikiliza!

(Mama anapaza sauti: "Ndiye huyo! Ndiye aliyemchukua mwanangu!")

Mnaona, wananchi? Mfadhili wetu anajulikana mpaka na akina mama! Mpigieni makofi!

(Hapigi mtu. Pale mlangoni, mabinti wanatoka kwenye foleni mmoja mmoja.)