Nimekwama Tena, Prisca

Jumatatu, 2 Juni

Baridi. Mlima umejifunika tangu Ijumaa. Prisca hajapiga simu siku ya kumi na moja leo.

Mjukuu wangu huyu nimemlea mwenyewe tangu ana miaka minne. Sasa anasomea uuguzi Ujerumani, mwaka wa pili. Aliniachia chumba chake, blanketi lake na mashine yake ya gemu. Blanketi lilishapoteza harufu yake. Mashine bado inaandika jina lake ukiiwasha. Ndiyo maana nilianza kuiwasha.

Darasani sijakaa hata siku moja. Herufi nilizitoa kwenye kitabu cha nyimbo cha kanisa. Lakini vidole hivi vimechuma kahawa miaka hamsini, vitashindwaje na pedi ya kuchezea?

Nimegundua jambo. Mwezi uliopita nilimwambia Prisca namkumbuka. Akanitumia kopa jekundu, basi. Wiki iliyofuata nikamwambia nimekwama kwenye gemu. Akapiga saa hiyohiyo, tukaongea nusu saa.

Kwa hiyo nitakwama.

Jumanne, 3 Juni

Nimekwama kwenye gemu ya mbweha mwenye upanga. Yaani, nimemwambia nimekwama. Gemu yenyewe niliimaliza zamani.

Prisca anasema gemu zake hizi hazitoki kwenye kampuni kubwa, zinatengenezwa na watu wawili watatu chumbani kwao. Inaonekana. Mbweha anaruka vizuri, miguu myepesi, hapo sina neno. Lakini ukipumzika kidogo, maadui wote uliowaua wanarudi palepale, kama magugu. Mimi shamba ninalo tayari.

Hakupiga. Ametuma video ya mzungu mmoja anaonyesha njia, anaongea kama anakimbizwa. Nimejibu kwamba haifunguki.

Inafunguka. Nimeitazama mara mbili.

Alhamisi, 5 Juni

Leo nimekwama kwenye gemu ya mhunzi. Nikaongeza kwamba nimelia.

Gemu ya mhunzi ni giza tupu. Wamejenga dunia nzima wakasahau taa. Nyundo yake lakini tamu, ukipiga pedi inatetemeka mpaka kwenye kiwiko. Kasoro kubwa ni mzee mmoja anayeuza dawa njiani. Unapita mbele yake mara ishirini, haitikii salamu. Mimi namsalimia kila nikipita, nisije kusemwa.

Mchana pikipiki ikaingia uani. Nilishavua aproni, nilishapaka mafuta usoni, sijui nilifikiri nani anashuka. Kumbe Efraimu, mwenye kibanda cha gemu kule Engutoto, aliyesoma na Prisca. Ametumwa aje kunikwamua. Akasema shikamoo vizuri, akala ndizi sahani mbili, akashika pedi, akafa mara tisa. Ikabidi nimwonyeshe pa kukanyaga.

Akanitazama. Akauliza, Bibi, ni wewe kweli uliyekwama? Nikamwambia chai yake inapoa.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Kanisa limejaa, na Mama Ndesanjo naye kajaa. Mjukuu wake yuko Dubai, anampigia kwa video kila Jumapili baada ya ibada. Naye anainyanyua simu juu pale uani kama anatafuta mtandao, kumbe anatafuta watazamaji. Leo akaniuliza wangu ni mzima? Maana hatumsikii. Nikasema ananipigia kila siku, mpaka mimi ndiye namfukuza akalale. Akasema Bwana asifiwe, kwa sauti yake ile.

Nikarudi na hasira, nikafungua gemu ya kuku mwenye bunduki. Ujinga mtupu. Kuku hana sababu yoyote ya kuwamaliza paka wote wale, wala hakuna anayemuuliza. Ngoma yake lakini ni nzuri, nimecheza nimekaa. Niliimaliza kabla maharage hayajaiva.

Hapo ndipo ujumbe wa Prisca ulipoingia. Efraimu amesema. Na si Efraimu peke yake. Kumbe mashine inaandika kila gemu unayoimaliza, na Prisca anaona kulekule Ujerumani. Mbweha ameonekana. Mhunzi ameonekana, mara mbili. Kuku alikuwa bado wa moto.

Ameandika kwamba anafanya zamu ya saa kumi mfululizo, analala kwa vipande, na ile video aliitafuta kwenye mapumziko yake badala ya kula. Ameandika, Bibi, nilidhani unanihitaji.

Maharage nimempa mbwa.

Jumanne, 10 Juni

Imebaki gemu moja ambayo sijaimaliza, ya msichana anayepanda mlima kwenye ukungu. Kwangu hii ndiyo bora kuliko zote. Mkuki mwepesi, ukungu kama wetu wa Juni, na ukifa hawakucheki, unaamka tu chini ya mti. Ngazi ndizo zimezidi. Waliotengeneza wana magoti mapya.

Juu kabisa kuna mlango, na mlangoni analinda bibi mwenye mvi. Nilipigana naye tangu saa nne asubuhi mpaka saa nane. Mwisho akapiga magoti, akanyoosha mkono. Mkononi ana jani refu la kijani.

Isale. Isale kabisa, kama la mpakani mwa shamba langu. Wale watu wawili wamelitoa wapi, sijui.

Kitufe cha kupigia kikawa kinawaka, ndiyo kusema mmalize. Huku Meru mtu akikuletea isale, ugomvi umekwisha, upende usipende. Baba yangu alisamehe wizi wa ng'ombe mzima kwa jani moja. Nikaweka pedi chini. Mlango haufunguki. Bibi wa watu amepiga magoti tu.

Nimekwama. Sasa kweli.

Nimemwandikia Prisca. Amesoma. Hajajibu.

Jumatano, 11 Juni

Mashine sikuizima. Ningemwachaje pale peke yake?

Asubuhi Prisca akajibu maneno mawili. Bibi, basi.

Nikashuka mpakani, nikakata isale, nikalipiga fundo, nikalipiga picha, nikatuma. Sikuandika neno.

Dakika mbili, simu ikaita. Ya video. Amekonda, amevaa nguo za zamu. Akasema Bibi hiyo siyo haki, isale kwa simu? Nikasema isale ni isale. Akacheka, halafu akalia, halafu akaniomba nimwonyeshe televisheni. Nikaigeuza simu.

Kisha akasema na yeye alifika hapohapo, siku moja kabla ya safari, akashindwa kumpiga. Huo mlango hajawahi kuuona ukifunguka. Akasema, si wewe mwenyewe ulinifundisha?

Hatukumpiga. Tukakaa watatu, yule kapiga magoti, mimi na chai, Prisca na mkate wake mweusi, mpaka akaitwa wodini. Kabla ya kukata akasema atapiga kila Jumamosi, nikwame nisikwame. Ila niape kwamba simdanganyi tena.

Nikaapa, mkono juu ya kitabu cha nyimbo.

Jumatano, 18 Juni

Jumamosi alipiga kweli. Dakika arobaini. Jumapili nikamweleza Mama Ndesanjo kabla hajaniuliza, na waliokuwa karibu wakasikia.

Lakini kutoka Jumamosi mpaka Jumamosi ni mbali. Jumatatu bado nilikuwa na sauti yake. Jana nikaikosa.

Leo asubuhi nimemwomba radhi yule bibi wa mlangoni, nikachomoa waya wa mashine, nikauficha kwenye debe la mahindi. Kisha nikamwandikia Prisca kwamba mashine haiwaki. Huo si uongo. Haiwaki.

Mchana nimepanda isale jingine, hapa karibu na mlango. Mpakani ni mbali kwa magoti haya.