Mitaa Mitatu Kuelekea Ziwani

Jumatano, 5 Machi

Nimeacha kazi. Baada ya miaka yote ile katika ofisi ya bima, leo nimemrudishia bosi Quesada ufunguo wa kabati. Akasema kiti changu kitanisubiri hadi Jumatatu asubuhi, kwa kuwa ananijua. Maneno ya kuudhi. Sasa natengeneza programu yangu mwenyewe. Hapa San José nyumba hazina namba. Mtu anakuelekeza mita mia kutoka kwenye mkuyu uliokatwa kabla hajazaliwa. Programu yangu itayageuza maelezo hayo kuwa njia inayosomeka kwenye simu. Auxiliadora, mke wangu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nimekula.

Ijumaa, 7 Machi

Mteja wa kwanza! Doña Tomasa, Mnikaragua mwenzetu hapa ugenini, anayeuza sokoni nakatamali, vile vifurushi vya unga wa mahindi na nyama. Jumapili anapeleka kapu zima kwenye ubatizo huko Guadalupe. Alinitazama kwa huruma. "Don Evelio, mimi humwambia dereva aulize njiani, basi." Nikamjibu kwamba kuulizauliza kumepitwa na wakati.

Mke wangu ametoa hukumu. Nakatamali zikifika, atanyamaza. Zisipofika, Jumatatu nivae tai. Nimekubali. Nikirudi kwenye kiti kile, nitainuliwa na wabeba jeneza.

Jumapili, 9 Machi

Hazikufika.

Yorleny, mwendesha pikipiki aliyebeba kapu, alipiga simu kutoka bustani ya La Sabana, upande mwingine kabisa wa mji. Programu imemwambia aende mitaa mitatu kuelekea ziwani, na ziwa analolijua yeye ni hilo la bustanini lenye bata. Akauliza: "Sasa mzee, niwagawie bata?"

Nikakaa chini. Kwetu Managua, kaskazini huitwa ziwani. Hata mtoto anajua. Nilitoka kule kijana, nimezeekea hapa, na bado nimeandika "ziwani" kila mahali bila kugundua. Nikifumba macho naliona maji mwisho wa kila mtaa.

Ubatizoni wamekula biskuti. Doña Tomasa amesema dereva angeuliza njiani. Auxiliadora amepiga tai pasi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetoka mapema, tai shingoni, kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Kituoni bibi mmoja akaniuliza zahanati iko wapi. Nikamwambia mitaa miwili kuelekea ziwani. Akasema, "Mungu akubariki, mwanangu," akaenda zake. Alielekea upande gani sikuona, basi lilisimama katikati yetu. Lakini hakuuliza mara ya pili.

Kwa hiyo programu haina kasoro. Kasoro ni Yorleny.

Basi limeondoka bila mimi. Tai iko mfukoni. Bosi Quesada anapiga simu tena na tena. Sipokei. Niko kazini.