Shavu Langu Kushukiwa Kuficha Nyama

Kwa Daktari Ruguru,
Kliniki ya Meno, Timau.

Daktari mheshimiwa,

Kwa heshima zote, na kwa upande mmoja tu wa mdomo, nakuandikia mimi Mutegi, mkulima wa viazi wa Kibirichia, yule uliyemsafisha na kumziba mzizi wa jino wiki jana. Nimeonewa, na aliyenionea ni wewe.

1. Uliniambia maumivu kidogo ya siku chache ni kawaida, lakini jino likizidi kuuma, shavu likivimba au homa ikipanda, nirudi mara moja. Daktari, maneno hayo unamwambia Mmeru? Kwetu mwanamume harudi hospitali, hurudishwa. Ungenikataza kurudi, ningekuja kesho yake.

2. Shavu lilipovimba, mke wangu Makandi alisema, "Baba Karwirwa, hebu rudi kwa daktari." Nikamwambia ni baridi ya mlima tu. Hilo nalo ni kosa lako, maana ulimpa maagizo mtu asiyeyashika.

3. Jumamosi nilikuwa msemaji wa ukoo, tulipopeleka mahari kwa kina mchumba wa Munyi, mtoto wa ndugu yangu, kule Embu. Msemaji haonji nyama kabla watu hawajakubaliana. Nami nikaingia na shavu lililoshindiliwa kama gunia la viazi. Mzee mmoja aliniuliza kwa adabu nitameza saa ngapi. Nikajieleza, lakini hata maneno yalitoka yamevimba. Watu wetu wakampa binamu yangu Nyamu aseme, mtu asiyeweza kunyamazisha hata kuku. Daktari, iliniuma kuliko jino. Kazi hiyo nimeifanya tangu nioe, na sina nyingine ninayojivunia.

4. Kwa hiyo naomba cheti chenye muhuri kwamba ndani ya shavu langu hakuna mbuzi.

5. Cheti kisipotosha, tutaenda wote Embu, unipanue mdomo mbele ya wazee, mmoja mmoja achungulie.

6. Kurudi kliniki kwako, sirudi. Jino haliwezi kunituma.

Wasalimie wa nyumbani kwako, na yule nesi aliyenishika mkono. Asimwambie mtu.

Ni mimi nisiyetishika,
Mutegi.

Tanbihi: Homa imepanda nikiwa kwenye namba tatu, na jicho la kushoto linajifunga. Barua hii nimeileta mwenyewe. Niko hapo nje kwenye benchi, Makandi amekaa langoni nisitoroke. Tafadhali fungua mlango, daktari. Naogopa.