Mashine ya Randa Isiyotikisa Kahawa

Haya, sogeeni, nyinyi mnaowaza kufungua karakana ndogo nyumbani. Nisikilizeni kabla hamjaenda kununua mashine. Leo nimeaibika mbele ya mama mkwe, na mashahidi wapo.

Mimi ni seremala wa saa za ziada hapa Msambweni. Nina msumeno wa mkono, randa ya mkono, na mgongo unaouma. Nyumbani tuna stoo, nikaiomba niigeuze karakana. Tatizo lilikuwa moja: stoo hiyo na chumba cha mama mkwe vinatenganishwa na ukuta mmoja tu. Mama anaishi nasi tangu miguu ilipoanza kumsumbua, na usingizi wake wa mchana haugusiki. Akaniambia kwa upole (upole ule unaotisha), "Mwanangu, leta mashine yako. Lakini nitakwenda nawe nikaisikie mwenyewe. Ikinitikisa kitanda, haiingii."

Yaani karakana yangu yote ilikuwa masikioni mwake.

Asubuhi tukafika Ukunda kwa Fundi Hamisi, anayefunga karakana yake na kuuza mashine zake ili akalime Kikoneni. Jamani! Wazee wawili walikuwa wakinywa kahawa mlangoni; nikawaamkia shikamoo huku macho yangu yameshaingia ndani. Kulikuwa na msumeno wa meza. Kulikuwa na msumeno wa mkanda, ule wenye utepe wa meno unaozunguka, mrefu kunizidi. Na katikati, mashine ya randa: ile unayoingiza ubao mbovu upande huu, ukatoka upande wa pili laini na wenye unene mmoja. Visu vyake vimefichwa ndani, huvioni. Meza yake ya chuma ilikuwa baridi, imenyooka kama maji ya kisima kabla ya ndoo ya kwanza. Nikaipapasa. Nikasahau nimekuja na nani.

"Naweza kuiwasha, fundi?"

"Washa tu, bwana. Naongea na mteja hapo nje, narudi sasa hivi."

Nimetazama video za mashine hizi miezi mitatu. Nani wa kunifundisha? Nikabonyeza kitufe cha kijani. Papo hapo ukaanza mngurumo mzito, wa chini kwa chini, kama lori linalopanda mlima.

"Mama, unasikia?"

"Nasikia. Mbona kama iko mbali?"

"Ndiyo uzuri wake! Mashine duni hupiga kelele. Hii mota yake imezama ndani ya chuma."

Nikamwomba mzee mmoja kikombe chake cha kahawa, kimejaa hadi ukingoni, nikakiweka juu ya mashine. Tukainama wote kutazama. Kahawa imetulia tuli. Hata kiwimbi kimoja hakuna! Subhanallah, nilikaribia kulia. Nikawaeleza sababu: uzito wa chuma humeza mtetemo, miguu mipana huushusha ardhini, mkanda mpya hauruki. (Hakuna aliyeniuliza.) Wazee wakaitikia kwa vichwa.

"Naam."

"Naam, endelea."

Nikaendelea! Mama naye akaweka kiganja chake mezani. "Hii haipumui hata kidogo," akasema. Nikajua nimeshapata ruhusa.

"Sasa tazama kazi yake, mama." Nikachukua ubao wa mwembe, bismillahi, nikausukuma ndani. Haukuingia. Nikasukuma tena. Haukuingia.

"Mashine kubwa haina papara," nikaeleza. "Inaupima ubao kwanza."

(Inaupima! Mungu anisamehe.)

Nikaegemeza bega. Jasho likanitoka. Ghafla mngurumo ukakatika. Kimya! Nikajua nimeiharibu mashine ya watu. Kisha sauti ya mwanamke ikapaa kutoka nyuma ya ukuta: "Mahindi ya nani haya? Yamekwisha! Lete debe lingine!"

Na mngurumo ukaanza tena.

Ilikuwa mashine ya posho ya jirani.

Fundi Hamisi akarudi, akatazama ubao, akatazama bega langu. Akakizungusha kitufe kikubwa chekundu kilichokuwa pembeni, kikachomoka. "Hiki kikiwa kimebonyea, bwana, cha kijani hata ukipige nyundo, haiwaki. Ulikuwa hujaiwasha."

Nikawageukia wale wazee. "Nanyi mlijua?"

"Tangu mwanzo," akasema mwenye kahawa. "Lakini ulikuwa unaeleza vizuri sana. Na mtu akieleza mbele ya mkwewe, utamkatizaje?"

Mama mkwe akajitanda leso yake taratibu. "Basi mwanangu, tununue hiyo ya jirani. Ndiyo tuliyoijaribu."

Wazee walicheka mpaka mmoja akashika ukuta.

Kisha fundi akaiwasha kweli. Lahaula! Mabati yalilia. Kikombe kikaanza kutembea chenyewe mezani, polepole, kwa maringo, kikafika ukingoni na kunimwagikia shati jeupe. Lakini ule ubao! Ulivutwa kwa ulaini, ukatoka upande wa pili unang'aa, mistari yake ya kahawia imejitokeza kama imechorwa kwa kalamu. Nililowa kahawa na mdomo nimeuacha wazi. Mama akaupapasa ubao. "Mzuri, mashallah," akasema. "Lakini haiingii kwangu."

Nikaiona stoo ikirudi kuwa stoo.

Mama akajikokota hadi kwenye msumeno wa mkanda. "Na hii ndefu?" Fundi akaiwasha. "Izime," mama akasema. Ikazimwa. "Iwashe." Ikawashwa. "Izime." Mara tatu, kiganja chake kikiwa kwenye ukingo wa meza, mbali na meno. Mwisho akaniangalia. "Inavuma kama cherehani. Nitalala."

Basi msumeno wa mkanda umeshaingia stoo! Randa nitaendelea kupiga kwa mkono, na mgongo wangu utanisamehe. Chekeni, lakini msimwambie mke wangu habari za bega. Mama ameshamweleza zilizobaki.

Na wewe unayekwenda kuchagua mashine, fanya alivyofanya mama: omba izimwe kwanza, usikilize kimya chake, ndipo uombe iwashwe.