Mnavu wa Bombani

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Leo nimeanza. Kilimo bila udongo! Nimetazama video kumi. Ya kumi ilikuwa ya Kichina, hiyo ndiyo niliyoielewa zaidi. Pipa moja liko chini. Pampu ndogo, niliyoitoa kwenye tangi la samaki wa mapambo la hoteli iliyofungwa, inapandisha maji juu. Mabomba manne ya plastiki yamelala kwenye ua, moja juu ya lingine, na kila moja litakuwa na matundu ya kupandia mnavu, mboga yetu ya majani. Maji yanashuka bomba hadi bomba, yanarudi pipani, yanapanda tena. Maji yale yale! Na hapa Voi mfereji wetu unatoa maji Jumanne na Ijumaa tu, tena kwa kunung'unika.

Mke wangu Mkamburi anataka banda la kuku pale pale. Tumekubaliana hivi: mama yake anashuka kutoka Wundanyi Jumamosi ya tarehe ishirini na tano. Mama akila mnavu wa mabomba, mabomba yanabaki. Asipokula, kuku wanaingia. Nimekubali upesi. Upesi mno, nafikiri.

Alhamisi, 9 Oktoba

Matundu nimeyatoboa kwa chuma kilichopashwa moto jikoni. Moshi wake! Mkamburi amehamia nje na sufuria ya maharagwe. Miche arobaini imeingia kwenye vikopo vya yogati, ikashikiliwa na sponji kutoka godoro la wageni. Upande mmoja wa godoro bado unalalika.

Mteremko wa mabomba nimeupima kwa jicho. Wengine hununua pima maji. Mimi ni fundi wa simu, nina jicho la kuona skrubu gizani. Jirani yangu Sylus aliegemea ua akauliza kama ninajenga bafu. Yeye ana magunia sita ya udongo na samadi, anapanda mboga kama babu yake. Nilimhurumia.

Jumanne, 14 Oktoba

Pipa tupu! Juzi tu lilikuwa limejaa. Nimemweleza Mkamburi: jua la Voi, na miche nayo inakunywa. Akauliza si nilisema maji ni yale yale. Nikasema ndiyo, ni yale yale, ila mapya.

Nimejaza tena, na supu yangu ya mbolea juu: kinyesi cha mbuzi na majivu, vimechujwa kwa soksi. Soksi ikapasuka. Pampu ikameza kinyesi, ikakohoa, ikanyamaza. Nimeisugua muda wa saa tatu kwa mswaki. Mswaki haukuwa wangu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Siku ya Mashujaa. Shujaa mmoja yuko uani na ndoo. Pipa tupu mara ya tano. Mnavu wangu una majani manne kila mche, rangi ya gazeti la zamani.

Nimechungulia kwa Sylus, kwa bahati tu. Lo! Magunia yake mawili yaliyo karibu na ua yamefura, majani mapana kama kiganja. Yale mengine manne, kawaida tu. Nimemuuliza anatia nini. Akasema hajamwagilia hayo mawili wiki nzima, mwenyewe anashangaa, anamshukuru Mungu. Mnafiki! Ana dawa ya siri.

Ijumaa, 24 Oktoba

Kesho ndiyo kesho. Miche thelathini na nne imekufa, sita inafikiria. Mkamburi ameshanunua misumari ya banda.

Nimekwenda kwa Sylus mpole kama kondoo, nikamwambia mgeni ni mama mkwe. Kumbe ni mtu mwema. Amenikatia mafungu mawili makubwa na kukataa malipo. Nikaona aibu kidogo. Ikapita. Nimeyachomeka mashina matunduni moja moja. Mtambo umependeza! Karibu niamini mwenyewe.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mama mkwe amefika saa sita. Nimemwamkia kwa heshima zote, nikampeleka uani. Akatazama mabomba kwa muda mrefu, akasifu. Moyo ukapanda. Kisha akavuta shina moja, taratibu. Likatoka lote, limekatwa kwa kisu. Akauliza kama siku hizi mnavu wa Voi unazaliwa bila miguu. Mkamburi alicheka hadi akakaa chini. Nikatamani ardhi inimeze, ila udongo nilishaukataa mwenyewe.

Mama hakunikaripia. Huko milimani amekua akiongoza maji ya mtaro shambani kwa jembe. Alitazama kona ya bomba la mwisho, iliyokaa juu ya jiwe, akafuata unyevu kwa kidole cha mguu hadi chini ya ua. Ala! Kona iko chini kuliko mdomo wa pipa. Wiki mbili mimi nabeba ndoo, magunia ya Sylus yanakunywa supu! Mama akasema maji hayamjui mwenye shamba, yanajua bonde tu.

Sylus aliitwa mezani. Kimanga, mihogo na maharagwe ya kuponda, na mnavu mtamu ajabu. Mama aliomba nyongeza. Nikamkumbusha Mkamburi kwamba mama amekula mnavu wa mabomba. Akanikabidhi vyombo vya kuosha.

Jumapili, 26 Oktoba

Mama ameamka ameshika kiuno. Kuhusu sponji sijasema kitu.

Kabla ya kuondoka amenipa mbegu za mnavu na jembe jipya alilonibebea. Akanishika mkono, akaniomba nimlimie binti yake mistari miwili tu nyuma ya bafu, ardhini, kama watu. Karibu nilie. Nikaapa. Mkamburi, kwa ajili ya lile jembe, amekubali banda lingoje mwezi mmoja.

Jioni nimekwenda nyuma ya bafu. Udongo mgumu. Nikalitazama jembe vizuri. Mpini wake! Umenyooka, mrefu kuliko lile jiwe. Nimeuegemeza chini ya kona ya bomba, ukaingia kama uliopimwa. Maji hayaendi tena kwa Sylus hata tone. Yanakwenda mahali pengine, bado sijajua wapi. Mbegu zote nimezitia bombani.

Nimempigia mama simu, nikamwambia jembe limeshaanza kazi.