Bomba Letu Lapimwa Kutoka Mwaka 2075

Jumatatu, 3 Juni
Mtaa huu haujapata mtunza bomba kama mimi. Miaka sita nafungua alfajiri, sijakosa hata siku moja. Haya, nimekosa. Siku za baridi. Za mvua. Na magoti yakigoma. Lakini ufunguo ninao shingoni, na mwenye ufunguo huamkiwa na kila mwenye ndoo. Kesho wanakuja wapimaji wa mradi wa maji, kupima kama umetufaa. Nimezunguka nyumba kumi na moja kufundisha majibu ya siku zote: tumefurahi, tumebadilika, asanteni. Niko hoi!

Jumanne, 4 Juni
Balaa! Wapimaji ni wasichana wawili, na hawana fomu! Eti maswali ya zamani yalipikwa ng'ambo na watu wasiojua hata rangi ya ndoo zetu. Safari hii kipimo tutunge wenyewe. Tufumbe macho, tuwe wajukuu wa mwaka 2075, tuutazame mradi kutoka huko. Nikafumba. Nikasinzia. Shemeji yangu fundi cherehani, mdogo wa marehemu mke wangu, akanifinya na kuuliza kwa sauti kama 2075 nako nimechelewa kuamka.

Jumatano, 5 Juni
Mbinu mpya. Nimewaambia wapimaji nimeiona 2075: bomba linaongea, na kando yake sanamu ya mzee mwenye ufunguo. Wakaandika! Shemeji akadakia kwamba naye ameiona: bomba halina kufuli, wala mzee. Wakampigia makofi.

Alhamisi, 6 Juni
Kipimo kimepatikana. Si lita, si ndoo. Ni asubuhi ngapi watu walikuta bomba limefungwa. Kumbe jirani yangu alikuwa akichora mstari wa mkaa ukutani kwake kila nilipochelewa. Miaka sita! Hakuna mpimaji aliyewahi kumuuliza. Ukuta mweusi tii! Nami nilidhani anahesabu kuku; juzi nilimwokotea mkaa ulipomdondoka. Ufunguo kapewa shemeji.

Ijumaa, 7 Juni
Nimedamka kwenda kumfumania shemeji amechelewa. Bomba wazi, maji yanatiririka, hakuna aliyeniamkia. Nimerudi kuanza ukuta wangu wa mkaa. Nimemchorea mistari minne ya akiba.
Shemeji, najua unalisoma daftari hili kila ukija kufagia. Nilikushikia ngazi saa nzima ulipoziba paa, na magoti yangu haya. Nakuomba kidogo tu: kesho chelewa. Mara moja.